Mkubwa Anapomsubiri Mdogo

Chanjo haina subira. Jokofu linaloihifadhi linatakiwa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Chanjo ya matone ya polio huharibika upesi ikipata joto. Ile ya sindano inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda huharibika ikiganda. Iliyoharibika hukaa kwenye rafu ileile, ndani ya kichupa kilekile, na muuguzi aliyezidiwa na foleni ya akina mama hana wepesi wa kuitambua. Mtoto anachomwa, kadi inaandikwa, wanarudi nyumbani, na kinga haipo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kikundi kilichotengeneza kifaa cha kufuatilia joto la majokofu hayo. Kilikuwa kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na kichakataji cha aina ya ARM Cortex-M3, kipimajoto, chipu ya kumbukumbu, skrini ndogo, king'ora na modemu ya mtandao wa simu. Ndani ya kiboksi hicho nilijifunza jambo ambalo limeniongoza katika kila mfumo nilioushika baadaye: kipaumbele cha kazi hakina maana yoyote peke yake. Kina maana pale tu wote wanaoshika kitu ambacho kazi hiyo inakihitaji wanapokiheshimu kipaumbele hicho.

Programu ya kifaa iligawanywa katika kazi tano. Ya kwanza ilipima joto. Ya pili ilipiga king'ora na kuweka rekodi ya tukio joto linapotoka nje ya mipaka. Ya tatu ilituma vipimo kwa modemu. Ya nne ilionyesha namba kwenye skrini. Ya tano iliandika kila kipimo kwenye chipu ya kumbukumbu ili kisipotee kifaa kikizimika. Kichakataji ni kimoja, na kwa wakati mmoja kinaendesha kazi moja tu. Anayeamua ipi iendeshwe sasa na ipi ingoje ni kipangaji, ambacho ndicho moyo wa mfumo endeshi.

Sheria ya kipangaji cha aina hii ni fupi. Kati ya kazi zote zilizo tayari, iendeshwe yenye kipaumbele kikubwa kuliko zote. Ikijitokeza ya juu zaidi, iliyokuwa ikiendeshwa inakatizwa papo hapo, popote ilipofikia. Katika mfumo wetu namba kubwa ndiyo iliyokuwa na nguvu. Joto lilipewa 28, king'ora 26, modemu 12, skrini 9, na uandishi 3. Juu ya hayo kulikuwa na saa ya ulinzi: kazi ya joto iliiwekea alama kila ilipomaliza kupima, na alama ikikosekana kwa sekunde 2, saa ilihesabu kwamba kifaa kimekwama na kukiwasha upya chote.

Malalamiko ya kwanza yalitoka zahanati moja wilayani Kilosa. Nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa kwenye meza yetu ya kazi kifaa kilikuwa hakijawahi kusumbua.

"Karibu, mtaalamu," alisema muuguzi wa zamu. "Kifaa chenu kinazima na kuwaka chenyewe."

"Pole, sista. Ni saa ngapi hasa?"

"Hakina saa maalumu. Ila mtandao ukisumbua ndipo kinapozidi. Siku simu zinashika vizuri, kinatulia."

Kisha akaniambia neno lililonikaa kuliko yote. Kila kifaa kilipowaka upya kilitoa mlio mfupi wa kujipima, kwa hiyo yeye sasa akisikia mlio hakimbilii jokofu; anasubiri kwanza aone kama utanyamaza. Hakuwa na kosa lolote. Mtu hujifunza tabia ya chombo anachoishi nacho. Lakini king'ora ambacho muuguzi amezoea kukipuuza kimekwisha kufa, hata kama betri yake imejaa.

Alikuwa pia ametupa ufunguo wa tatizo bila sisi kuugharimia. Kati ya mtandao mbovu na kipimajoto hapakuwa na uhusiano wowote katika michoro yetu. Modemu ilikuwa chini ya joto kwa ngazi nyingi. Ilikuwaje basi mtandao wa simu uizuie kazi yenye kipaumbele cha juu kuliko zote? Mtumiaji anapokueleza uhusiano ambao mchoro wako hauuonyeshi, mwamini mtumiaji, kisha kachunguze mchoro.

Ofisini mapendekezo yalikuwa yaleyale yanayotolewa kila mahali. La kwanza, joto lipandishwe kutoka 28 hadi 31. La pili, saa ya ulinzi iongezewe muda. Pendekezo la kwanza halikuwa na maana, kwa sababu joto tayari lilikuwa juu ya wote. Kumwongezea cheo aliye wa kwanza hakumsogezi popote. La pili lingeficha dalili na kuacha ugonjwa, tena kwa gharama ya dakika ambazo chanjo haina.

Katika kikundi chetu alikuwepo dada mmoja aliyetutangulia sana kazini, aliyewahi kutunza mitambo ya kubadilishia simu. Nilipomweleza kwamba kazi ya juu kabisa haipati nafasi, na kumtajia namba za kazi zote, alinikatiza.

"Mdogo wangu, namba zao nimezisikia. Niambie sasa: huyo wa juu anamsubiri nani?"

Hilo ndilo swali tulilotakiwa kuanza nalo. Tulichukua pini tatu za kichakataji ambazo hazikuwa na matumizi, tukaziunganisha na osiloskopu. Ya kwanza ilipanda kila kufuli la njia ya SPI liliposhikwa na kushuka lilipoachiwa. Njia hiyo ilitumiwa na vitu viwili: kipimajoto na chipu ya kumbukumbu, na kufuli lilihakikisha havizungumzi kwa pamoja. Pini ya pili ilipanda modemu ilipokuwa ikiendeshwa, na ya tatu joto lilipokuwa likiendeshwa. Kisha tukafungua kifaa, tukawa tunachomoa na kuchomeka antena ili mtandao ukatike na kurudi, tukakaa kutazama.

Picha iliyojitokeza haikuhitaji maelezo mengi. Mstari wa kufuli ulipanda: uandishi umeingia kwenye chipu. Mara mstari wa modemu ukapanda na kubaki juu. Mtandao ulipokatika, modemu ililazimika kuanza upya makubaliano ya usimbaji na seva inayopokea vipimo, hesabu nzito ambayo kichakataji kidogo bila msaada wa maunzi huimaliza kwa muda mrefu, na mtandao ulipokatika tena katikati, ilianza tena. Katikati ya mlima huo mstari wa joto ulichomoza kama mwiba mwembamba, ukashuka, usipande tena. Kazi ya joto ilikuwa imeamka kwa wakati wake, ikaikatiza modemu kama inavyostahili, ikaomba kufuli la SPI, ikalikuta limeshikwa, ikalala. Kisha modemu ikaendelea. Mstari wa kufuli ulikuwa bado juu, umenyooka. Sekunde 2 zikapita, mistari miwili iliyokuwa juu ikaanguka kwa pamoja: saa ya ulinzi imefanya kazi yake.

Hali hii huitwa kupinduka kwa vipaumbele, na ni rahisi kuiona kwenye hospitali. Daktari anataka ufunguo wa stoo ya dawa, ufunguo uko mfukoni mwa mfagizi, na mfagizi amesimama mlangoni akimpisha kila mwenye cheo kuliko yeye. Hakuna anayemzuia daktari waziwazi. Karani anayepita hajui hata kwamba daktari anangoja. Kila mmoja anafuata utaratibu, na mgonjwa anazidiwa. Dawa yake ni kwamba tangu daktari alipouhitaji ufunguo, mfagizi apite mlangoni kwa cheo cha daktari, hadi atakapoukabidhi. Huko ndiko kurithi kipaumbele: anayeshika kufuli anaazimwa kipaumbele cha mkubwa anayelingoja, kisha anakirudisha anapoliachia.

Jambo lenyewe si geni. Butler Lampson na David Redell waliliandika mwaka 1980, walipoeleza uzoefu wao na lugha ya Mesa katika kampuni ya Xerox. Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walichapisha kanuni za urithi wa kipaumbele pamoja na uthibitisho wake wa kihisabati, wakaonyesha kwamba muda ambao mkubwa atamsubiri mdogo unaweza kuwekewa ukomo unaojulikana kabla.

Hata hivyo, lilifahamika kwa wengi kwa sababu ya sayari ya Mirihi. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika bonde la Ares Vallis. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya, na kila mara sehemu ya kazi ya siku hiyo ikiahirishwa. Chombo kilikuwa kikitumia mfumo endeshi wa VxWorks. Kazi ya kukusanya data za hali ya hewa, iliyokuwa chini, ilishika kufuli. Kazi ya kugawa data za basi la mawasiliano la chombo, iliyokuwa juu, ikalihitaji. Kazi za kati zikaikatiza ile ya chini kabla haijaliachia. Kazi nyingine ya juu ilipokuja kukagua na kukuta ugawaji haujakamilika kwa wakati, ikaamuru kompyuta iwashwe upya.

Wahandisi wa Jet Propulsion Laboratory huko California waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya mfumo iliyokuwa maabara, wakagundua kwamba kufuli lile liliundwa bila kuwashiwa urithi wa kipaumbele, wakatuma badiliko dogo hadi Mirihi, na tatizo likaisha. Glenn Reeves, aliyeongoza kikundi cha programu za chombo hicho, aliandika baadaye kwamba dalili zilionekana hata kabla ya kutua, ila walipojaribu kuzirudia zilikataa. Ni sehemu ninayowasomea vijana kila ninapopata nafasi. Hitilafu iliyoonekana mara moja na ikakataa kurudi bado ni hitilafu. Iandike, iwekee mtego, usiifute kwenye orodha kwa sababu ya ukimya wake.

Kwa kuwa tulijua habari ya Pathfinder, tulidhani njia yetu ni nyepesi. Mfumo endeshi tuliokuwa nao ulitoka kwa muuzaji wa ubao wa kichakataji, pamoja na msimbo wake wote, na katika mipangilio kulikuwa na swichi ya urithi wa kipaumbele. Ilikuwa imezimwa. Tukaiwasha, tukachomoa antena, na mistari ya osiloskopu ikachora mlima uleule.

Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Kipangaji kile kilikuwa na orodha 32, moja kwa kila ngazi ya kipaumbele. Kila kazi iliyo tayari ilifungwa kwenye orodha ya ngazi yake. Pembeni kulikuwa na neno moja la biti 32: biti ikiwa 1, orodha ya ngazi hiyo ina mtu. Kumpata wa juu kulihitaji agizo moja tu la kichakataji, CLZ, linalohesabu sifuri zilizotangulia. Ni ufundi mzuri, kwa sababu muda wa kuchagua haubadiliki kazi ziwe tatu au thelathini. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini msimbo wa kurithi ulikuwa na mstari mmoja tu wa maana: uliandika 28 kwenye kumbukumbu za kazi ya uandishi, ukaishia hapo. Tulipokisimamisha kichakataji na kusoma kumbukumbu zake moja kwa moja, tuliliona kwa macho. Kwenye rekodi yake uandishi ulikuwa 28. Mwili wake ulikuwa bado umefungwa kwenye orodha ya 3. Biti ya 28 ilikuwa sifuri, biti ya 12 ilikuwa moja, na kipangaji, ambacho hakisomi rekodi bali orodha, kiliichagua modemu. Kazi ilikuwa imepewa cheo ambacho mlango haukuwa na habari nacho.

Marekebisho ya kwanza yakawa hayo: kipaumbele kikibadilika na kazi ikiwa tayari, iondolewe kwenye orodha ya zamani, biti ya orodha hiyo izimwe ikiwa imebaki tupu, ifungwe kwenye orodha mpya, biti yake iwashwe. Na kama kazi hiyo yenyewe inangoja kufuli jingine, nafasi yake katika foleni ya kufuli hilo ipangwe upya, na anayelishika naye apandishwe, hadi mwisho wa mnyororo. Yote yafanyike makatizo yakiwa yamezuiwa, ili asije mtu akaikuta foleni ikiwa imekatika katikati.

Joto likapata nafasi yake. Kisha, kwenye majaribio, king'ora kikachelewa.

Uandishi ulikuwa ukishika makufuli mawili kwa pamoja: la jedwali la rekodi, na la njia ya SPI ndani yake. Joto lilingoja SPI, king'ora kikangoja jedwali. Uandishi ulipoachia SPI, msimbo uliurudisha moja kwa moja kwenye 3, ngazi yake ya asili, ingawa bado ulikuwa umeshika jedwali ambalo king'ora cha 26 kilikuwa kikilingoja. Modemu ya 12 ikapita tena katikati. Deni moja lilikuwa limelipwa, na mfumo ukahesabu kwamba yote yamelipwa.

Suluhisho ni kutunza namba mbili kwa kila kazi: kipaumbele cha asili, ilichopewa na mwandishi wa programu, na kipaumbele cha sasa, kinachokokotolewa. Kila kufuli linapoachiwa, cha sasa hukokotolewa upya: chukua kilicho kikubwa zaidi kati ya kile cha asili na cha mkubwa kuliko wote wanaongoja makufuli ambayo kazi hiyo bado imeyashika. Linux hufanya kitu cha namna hiyohiyo. Ukifungua muundo unaoielezea kazi ndani ya kerneli yake utakuta sehemu tatu tofauti, prio, static_prio na normal_prio, na ukizisoma polepole utaelewa kwamba waliouandika walipita kwenye shimo hilohilo. Urithi wa kipaumbele kwa makufuli ya programu za kawaida uliingia Linux katika toleo la 2.6.18, mwaka 2006.

Dosari ya tatu ilikuwa ya kimyakimya zaidi. Kazi ya king'ora ilikuwa na kikomo cha kungoja. Ikichoka, iliondoka kwenye foleni na kuripoti kosa. Ilipoondoka, aliyeshika kufuli aliendelea kubaki na cheo cha 26 alichoazimwa. Hapakuwa tena na anayemngoja, lakini uandishi, kazi ndogo kuliko zote, uliwatawala wengine hadi ulipomaliza shughuli zake. Kwa hiyo tukaongeza sheria: anayengoja akikata tamaa, mkopo aliompa mwenye kufuli uhesabiwe upya papo hapo. Cheo cha kuazima kikibaki baada ya sababu yake kwisha, kimekuwa dhuluma kwa wengine.

Kulikuwa na jambo la nne, dogo kwa sura. Kazi inaporudishwa chini, ikae wapi katika orodha yake, mbele au nyuma? Msimbo uliiweka nyuma. Maana yake, kazi iliyokuwa ikiendeshwa, ikakatizwa kwa heshima ya mwingine, ikasaidia, ikakabidhi kufuli, ilirudi na kukuta imepoteza zamu yake kwa wenzake wa ngazi moja. Kanuni za POSIX, zinapoeleza kazi ambayo kipaumbele chake kimeshushwa kwa pthread_setschedprio, huiweka mbele ya orodha yake mpya. Tuliifuata. Aliyesaidia asiadhibiwe kwa kusaidia.

Yote manne yalipokuwa yamekaa sawa, yule dada aliuliza tena swali lake, safari hii akilielekeza kwa kazi ya uandishi: kwa nini inashika kufuli muda mrefu namna ile? Tukasoma upya msimbo wa chipu ya kumbukumbu. Kabla ya kuandikwa, chipu ya flashi kama hiyo hufutwa sehemu kwa sehemu, na ufutaji mmoja huchukua makumi ya milisekunde, wakati mwingine mamia. Lakini chipu ikishapokea amri ya kufuta hujifuta yenyewe. Njia ya SPI inakuwa tupu muda wote huo. Programu ilikuwa ikilishika kufuli la njia tupu, ikiuliza kila mara kama chipu imemaliza. Tukaigawa: shika kufuli, toa amri, achia, lala kidogo, shika, uliza, achia. Kipimajoto kikapata njia yake katikati ya ufutaji, na mara nyingi urithi wa kipaumbele haukuhitajika kabisa.

Victor Yodaiken, aliyebuni RTLinux, aliwahi kuandika kwa ukali dhidi ya urithi wa kipaumbele. Hoja yake ni kwamba unaongeza ugumu na gharama, na kwamba mbuni mzuri hupanga kazi zake ili mkubwa asiwe na sababu ya kumsubiri mdogo. Baada ya yale tuliyoyapitia naona hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali yote. Ni kweli kwamba kufuli fupi ni bora kuliko kufuli refu lenye urithi, na kwamba kazi ya hatari isishiriki kitu na kazi ya starehe kama inaepukika. Ila programu huishi kuliko waliobuni. Atakuja mwingine baada yako, ataongeza kazi ya sita katikati, naye hatajua ulichokuwa nacho kichwani. Ubunifu mzuri hupunguza mara ambazo mkubwa anamsubiri mdogo. Urithi ulioandikwa kwa usahihi huweka ukomo kwa zile zinazobaki. Kifaa kinachotunza uhai kinastahili vyote viwili.

Kwa sababu hiyo hatukuridhika na kuona mistari ya osiloskopu imetulia. Tuliandika ukaguzi ndani ya kipangaji chenyewe, unaowashwa wakati wa majaribio. Kila kinapobadilisha kazi, kinathibitisha mambo matatu: kila kazi iliyo tayari imefungwa kwenye orodha inayolingana na kipaumbele chake cha sasa, inayoendeshwa ndiyo kubwa kuliko zote zilizo tayari, na hakuna anayeshika kufuli akiwa chini ya yeyote anayelingoja. Moja likivunjika, kifaa kinasimama hapohapo na kutoa orodha ya nani ameshika nini. Kisha tukaandika kazi za bandia zinazoshika na kuachia makufuli ovyo, nyingine zikikata tamaa katikati, tukaviacha vifaa vikiendeshwa hivyo bila kupumzika. Ukaguzi huo ulinasa kosa ambalo hakuna aliyelitarajia: kazi iliyokuwa ikifutwa wakati ina cheo cha kuazima iliacha biti yake ikiwaka, na kipangaji kikaenda kutafuta mtu kwenye orodha tupu. Jicho la binadamu lisingeliona.

Tulipopeleka programu mpya Kilosa, tuliubadilisha pia mlio wa kuwaka. Sasa kifaa kinapoanza hakitoi sauti ya king'ora hata kidogo. Sauti ile ikabaki na maana moja: fungua jokofu, angalia. Kipangaji kilichorekebishwa kingekuwa na faida gani kama muuguzi angebaki na mazoea aliyofundishwa na kipangaji kibovu?

Nawaandikia hasa vijana wanaosomea kompyuta katika vyuo vyetu. Namba za vipaumbele zisiwalevye. Kwanza hazina lugha moja: katika FreeRTOS namba kubwa ndiyo ya juu; katika VxWorks 0 ndiyo ya juu na 255 ya chini; katika Linux thamani ya nice ya -20 inaipita ya 19; na makatizo ya Cortex-M yana mpangilio wa kinyume na kazi za FreeRTOS zinazoendeshwa juu yake. Wengi wameumizwa hapo kabla hata ya kufika kwenye makufuli. Fahamuni pia vifaa mnavyovitumia: katika FreeRTOS myuteksi ina urithi wa kipaumbele, semafori ya hali mbili haina, na kwa mbali zinafanana.

Pili, mfumo unapochelewa, msikimbilie kumpandisha aliyechelewa. Choreni mstari kutoka kwake hadi kwa yule ambaye yeye anamsubiri, na kutoka kwa huyo hadi kwa anayemkatiza. Mara nyingi mtakuta anayestahili kusaidiwa ni mdogo kuliko wote, aliyeshika kitu na kunyimwa nafasi ya kukikabidhi. Pimeni kwa hali mbaya kuliko zote, kwa maana wastani wa kifaa chetu ulikuwa mzuri siku zote. Kilichokuwa kikiwaumiza watu wa Kilosa ni ile saa moja mbaya ya mtandao.

Na kwa walimu wa mifumo endeshi nina ombi. Msiishie kwenye ubao na michoro ya foleni. Mpeni kila mwanafunzi ubao mdogo wenye kichakataji cha bei nafuu na kipangaji ambacho msimbo wake uko wazi, FreeRTOS au Zephyr, kisha mwambieni aunde kazi tatu na kufuli moja, aisababishe hali hii kwa mikono yake, aione ikitokea, na airekebishe. Akishaona kwa macho yake kazi ya juu imelala huku ya kati ikikimbia, hatahitaji kukaririshwa. Vifaa vingi zaidi vitaingia katika zahanati zetu, pampu zetu za maji na mita zetu za umeme, na ndani ya kila kimoja kuna kipangaji. Tuwe na watu wetu wanaoweza kukifungua na kukitengeneza.